Umekuja Kuokoa Beringi au Habu?

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

Leo naomba radhi mapema. Wale waliozoea kunisikia nikizungumzia foleni za magari, bei za vyakula na takataka za mjini watanisamehe, kwa sababu leo nazungumzia kitu kidogo kuliko kiganja cha mkono. Nazungumzia beringi ya gurudumu la pikipiki. Tena si beringi inayozunguka vizuri, bali iliyokwama. Usizime redio. Ninayo sababu, na mwisho wa mazungumzo utaipima mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba huko Pangani. Mwaka 1974 alipata mkopo akanunua pikipiki, Honda ya cc 175, yenye silinda mbili, rangi nyekundu. Ndiyo iliyomfikisha kwenye minazi na mihogo ya watu. Ndiyo iliyompeleka mama hospitali usiku alipokuwa na uchungu wa mdogo wangu wa mwisho. Na mwaka 1979, nilipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, ndiyo iliyonifikisha kituo cha basi, sanduku la bati likiwa limefungwa nyuma kwa kamba ya mkonge na mimi nimebanwa katikati kama mkate.

Baba alistaafu mwaka 1996, akaifunika kwa turubai na kuiweka stoo. Mwaka 2011 akatutoka. Mwaka 2019 wanandugu tulikubaliana kwamba badala ya kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mimi niilete Dar es Salaam niifufue. Ikapakiwa kwenye Fuso pamoja na magunia ya nazi, ikashushwa mlangoni kwangu usiku wa manane. Mama alinipigia simu asubuhi yake na kuniambia neno moja tu: "Usiiharibu."

Sasa basi, ndugu msikilizaji, kila aliyeiona alisema tatizo litakuwa injini. La hasha! Niliweka mafuta kidogo ndani ya silinda, nikaacha kwa siku tatu, nikaikanyaga taratibu, na injini ikazunguka. Tatizo lilikuwa magurudumu. Nilipoinua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono, lilitoa sauti kama ya mtu anayesaga mchanga kwa meno. Beringi zilikuwa zimekufa.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuiona beringi, nitaeleza kwa kifupi. Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake kuna gololi. Pete ya ndani hukaa kwenye ekseli, ile nondo inayolishikilia gurudumu. Pete ya nje hukaa ndani ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu ambako spoki zote huanzia. Ekseli imesimama, habu inazunguka, na gololi ndizo zinazowapatanisha hao wawili wasikwaruzane. Kila gurudumu lina beringi mbili au zaidi, na katikati ya hizo mbili kuna kibomba ambacho mafundi hukiita spesa. Kishike kichwani hicho kibomba, tutakirudia.

Habu ya pikipiki kama ile imetengenezwa kwa alumini. Beringi ni ya chuma. Kiwandani, tundu la habu hufanywa dogo kidogo kuliko beringi, kwa kipimo ambacho jicho halikioni, ili beringi ikiingia ibanwe na isizunguke ndani ya habu. Huo ndio ubanaji wa halali. Juu yake huja ubanaji wa haramu, nao ni kutu. Maji yakipenya kati ya chuma na alumini, hasa maji yenye chumvi kama hewa ya Pangani ilivyo, alumini hulika na kutoa unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyolika. Kwa kuwa hauna pa kwenda, unajishindilia kati ya beringi na habu. Uache hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na beringi inakuwa kama jino lililoota mzizi.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kwamba nina nyundo ya kilo mbili na ninayo Jumamosi nzima. Nikalilaza gurudumu la mbele sakafuni, nikapitisha kipande cha nondo katikati, nikatafuta ukingo wa beringi ya upande wa pili, nikaanza kupiga. Nikapiga. Haikutoka. Nikapiga zaidi. Jirani akatoa kichwa dirishani, akanishauri nitafute nyundo kubwa zaidi. Watu wa namna hiyo hawakosekani. Beringi ikasogea kidogo, nikafurahi, kumbe imesogea upande mmoja tu na kukaa mshazari, ukingo wake ukawa unauma alumini kama tindo. Pigo lililofuata lilitoa mlio tofauti. Nilipoinama kutazama, niliona ufa mwembamba kama uzi, umetoka kwenye tundu la beringi hadi kwenye tundu la spoki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu haukuwa ufa wa kuzibwa.

Kwa siku tatu sikuigusa pikipiki ile. Siku ya nne nilifunga gurudumu la nyuma, ambalo lilikuwa bado zima, pamoja na lile la mbele nililoliumiza, nikayapeleka Gerezani. Wenyeji wa jiji hili wanaijua Gerezani. Nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye hufanyia kazi zake chini ya mwembe, ana jiliwa moja, sanduku moja la vyuma na jiko la mkaa. Nilifikiri jiko lile ni la chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alilitazama gurudumu la mbele kabla sijasema lolote. "Hili umelipiga."

"Nilikuwa naipiga beringi, mzee, si habu."

"Beringi haikusikia. Aliyesikia ni habu."

Nilinyamaza. Akalichukua la nyuma, akapitisha kidole ndani ya tundu, akaniuliza: "Nikuulize, kijana. Umekuja kuokoa beringi au habu?"

Mimi mwenye mvi kichwani kuitwa kijana nilisikia raha kidogo, nikajibu haraka: "Vyote, mzee."

"Vyote huwezi. Chagua."

Ndugu msikilizaji, swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Maana kabla ya kushika nyundo, kabla ya kuwasha moto, mtu anayetaka kutoa kilichokwama lazima ajue kati ya hivi viwili vilivyong'ang'aniana ni kipi anataka kibaki salama. Beringi imeandikwa namba ubavuni. Namba hizo ni za dunia nzima. Ukiona 6302, ujue tundu la ndani ni milimita 15, upana wa nje milimita 42, unene milimita 13, iwe imetengenezwa Japani, Ujerumani au China, iwe ya mwaka 1974 au ya jana. Unakwenda Kariakoo, unaitaja namba, unauziwa. Habu je? Habu ya pikipiki ile haina namba ya kutaja dukani. Iliyopo ndiyo iliyopo. Mimi nilikuwa nimeivunja isiyonunulika ili kuitoa inayonunulika.

"Habu," nikasema.

"Haya. Basi beringi tunaitoa ife."

Yafuatayo ni yale niliyoyaona akiyafanya, pamoja na niliyojifunza baadaye. Nayaeleza kwa utaratibu, kwa sababu najua wapo wasikilizaji wenye pikipiki ya zamani ya baba au babu kwenye stoo.

Kwanza alinifanya nitoe tairi na mpira wake wa ndani, kwa sababu vitu hivyo na moto havipatani. Kisha akaifuta dramu ya breki kwa kitambaa chenye maji, wala hakupuliza vumbi kwa mdomo kama wengi tunavyofanya. Breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto ndani yake, na vumbi la asbesto likiingia kifuani halitoki, na huleta saratani miaka mingi baadaye. Lilowanishe, lifute, na kitambaa ukitupe kikiwa kimefungwa.

Pili, alisafisha grisi yote kwa mafuta ya taa, akaifuta habu na kuiacha juani hadi ikakauka kabisa. Akang'oa sili za mpira zinazozuia vumbi. Akatazama kwa makini kama kuna pete ya kubania iliyofichwa chini ya uchafu. Hapa wengi huumbuka. Mtu anapiga beringi mchana kutwa, kumbe mbele yake kuna pete ya chuma imekaa kwenye mfereji na kuizuia. Pikipiki nyingine huwa na kifuniko chenye uzi badala ya pete. Tena zipo habu za pikipiki za zamani za Kiingereza, kama BSA na Triumph, ambazo kifuniko cha upande mmoja kina uzi wa kushoto. Ukikizungusha ulivyozoea, unakaza badala ya kulegeza.

Tatu, moto. Sasa nikaelewa jiko lile si la chai. Aliweka mkaa uliokwisha kuwaka na kutulia, juu yake akaweka kipande cha bati nene, juu ya bati akalaza gurudumu ili habu ipate joto polepole pande zote. Kila baada ya dakika chache aliligeuza. Chupa ya mafuta ya taa ilikuwa imekwisha hamishiwa mbali. Nilipouliza kwa nini asitumie moto wa gesi ya kuchomelea ulio mkali, yakaisha haraka, alinijibu kwamba alumini haina aibu: chuma kikikaribia kuyeyuka huwa chekundu kikakuonya, lakini alumini hubaki na rangi yake ile ile mpaka inapoanguka chini kama uji. Na hata kabla ya kuyeyuka, moto mkali wa mahali pamoja huidhoofisha.

Joto linalotakiwa ni la kadiri tu, nyuzi 100 au 110 hivi. Mzee hakuwa na kipimo. Alichovya kidole kwenye maji, akadondoshea habu tone moja. Tone likakaa tu. Akasubiri. Mara ya tatu tone lilichemka likatoweka. Akasema, "Tayari." Asiye na jiko anaweza kufunga habu kwa matambara na kuimwagia maji yanayotokota, akirudia mara kadhaa, kwa beringi isiyokwama sana hilo hutosha.

Kwa nini moto? Kwa sababu alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 42, likipanda joto kwa nyuzi 80, linapanuka kuliko beringi iliyomo ndani yake kwa karibu sehemu nne za mia za milimita. Ni kipimo chembamba kuliko unywele wa binadamu. Lakini kwa kawaida ule ubanaji wa kiwandani ni mdogo kuliko hapo. Kwa hiyo habu inafungua mkono yenyewe. Kinachobaki kuishika beringi ni ule unga mweupe tu.

Nne, aliliweka gurudumu juu ya mbao mbili ili beringi ipate pa kuangukia. Akachukua nondo fupi, akaisukuma spesa pembeni kidogo ili ukingo wa pete ya ndani ya beringi ya upande wa chini uonekane, akapiga kwa nyundo ndogo. Pigo moja juu. Pigo moja chini. Moja kulia, moja kushoto, akizunguka kama anayekaza nati za gurudumu la gari. Hakupiga mahali pamoja mara mbili mfululizo. Habu ilipopoa alisimama, hakuendelea kupiga. Akairudisha jikoni. Mara ya pili ilipotoka motoni, beringi ilishuka baada ya mapigo saba. Niliyahesabu.

Iwapo spesa haisogei na ukingo hauonekani, ipo njia nyingine ambayo mzee alinionyesha kwa kifaa alichojitengenezea. Chukua bolti ambayo unene wake unaingia barabara kwenye tundu la ndani la beringi. Ipasue ncha katikati kwa msumeno wa chuma, kama mdomo wa ndege. Iingize kwenye beringi upande mmoja. Kutoka upande wa pili, piga kabari nyembamba ndani ya mpasuko. Mdomo unapanuka, unaing'ata beringi kwa ndani, na ukiendelea kupiga kwa upande huo huo wa kabari, bolti inatoka na beringi yake.

Beringi ya pili ya gurudumu lile ilitupa kazi. Ilikuwa imeoza kiasi kwamba pete ya ndani ilitoka na gololi zikamwagika sakafuni, lakini pete ya nje ikabaki imeng'ang'ania ndani ya habu, haina hata ukingo wa kushika. Nikadhani mambo yameharibika. Mzee akamwita kijana wa kuchomelea wa jirani yake. Yule kijana akaweka kamba ya chuma kilichoyeyushwa kuzunguka uso wa ndani wa ile pete, akijihadhari asiiguse alumini. Kisha sote tukakaa kimya. Chuma kilichoyeyushwa kikipoa hunywea, na kikinywea huivuta pete iliyoshikamana nacho. Baada ya dakika kadhaa mzee aliligeuza gurudumu, akaligonga mara moja kwa ubavu wa kiganja. Pete ikaanguka yenyewe, ikatoa mlio kama wa sarafu.

Hapo ndipo tulipoliona jambo ambalo sikulitarajia. Ndani ya habu, pale ilipokuwa imekaa ile pete, kulikuwa na vidoti vidogo vidogo vilivyogongwa kwa ncha ya chuma, safu mbili, vimepangwa vizuri kabisa. Mzee akavipapasa. "Huyu aliyefanya hivi alikuwa mtu wa subira," akasema. "Beringi ilikuwa imelegea, inazunguka ndani ya habu. Akaiparuza habu ili ipate kushika. Dawa ya muda tu, tena inamla habu. Lakini kaifanya kwa mkono mzuri."

Mimi niliujua mkono ule. Ghafla nikakumbuka baba akiwa amekaa barazani, karai la mafuta ya taa mbele yake, akiosha beringi ile ile aliyoiosha mwezi uliopita, akiipaka grisi kwa kidole na kuirudisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye umri wangu wanakumbuka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zimeadimika, maduka yana rafu tupu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse beringi. Wakati ule beringi ndiyo iliyokuwa haipatikani. Habu ilikuwa bado changa, ina nguvu, inaweza kuvumilia kujeruhiwa kidogo. Baba aliulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi, naye akachagua beringi. Alichagua sawasawa.

Ndugu msikilizaji, kila zama na kitabu chake. Kitu cha thamani hakikai mahali pamoja siku zote. Mwaka 1982 kilikuwa beringi, leo ni habu. Kosa langu siyo kwamba nilikosa nguvu, wala siyo kwamba nilikosa nyundo. Kosa langu ni kwamba sikuuliza. Na ninapotazama huku na huko, naona siko peke yangu. Mara ngapi tunalazimisha jambo dogo linaloweza kubadilishwa, mpaka tunapasua kubwa lisilobadilishika? Ndugu wawili wanagombania kiwanja, na udugu ndio unaopasuka. Mzazi anataka mtoto apate alama fulani, anazipata, ila mtoto haongei naye tena. Haya, nimeahidi leo nitabaki kwenye beringi, basi nibaki.

Kurudisha mpya ni rahisi kwa aliyeelewa kutoa. Beringi mpya ilazwe kwenye friza usiku kucha, habu ipashwe moto tena, na hapo beringi itaingia bila ugomvi. Isigongwe kwenye pete ya ndani hata kidogo, maana gololi zitaumia kabla ya safari kuanza. Igongwe kwenye pete ya nje tu. Beringi uliyoitoa ikiwa nzima usiitupe, hiyo ndiyo chombo chako cha kugongea, kwa kuwa ina upana ule ule. Ikishaingia ya kwanza hadi mwisho, weka spesa, ndipo uingize ya pili. Sasa tumekirudia kile kibomba. Ukikisahau, siku utakapokaza ekseli utazibana pete za ndani za beringi zote mbili, na beringi zako mpya zitakufa mapema. Na kama beringi inaingia kwa kidole, bila kubanwa, usivigonge vidoti kama baba. Leo kuna gundi maalumu za kushikia beringi, na pakilegea mno yupo fundi wa kukereza wa kutia bushi.

Jambo jingine muhimu ni macho. Beringi ni chuma kigumu sana, na chuma kigumu hakipindi bali hupasuka. Ukiipiga moja kwa moja kwa nyundo inaweza kurusha kipande kama risasi. Miwani ya kinga ni bei ndogo. Jicho halina namba ya kutaja Kariakoo.

Najua wapo wanaosema, "Sisi hatuna pikipiki za makumbusho." Sawa. Lakini wengi wetu tunapanda bodaboda, na habu zake ni za alumini vile vile, beringi zake zina namba vile vile. Wewe dereva wa bodaboda, inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, au likizungushwa likasaga, beringi imekwisha. Usisubiri ikupotezee mwelekeo ukiwa na abiria nyuma. Na unapokwenda kuibadilisha, ukimwona fundi anaipiga habu ya baridi kwa nyundo kubwa, upande mmoja, mwombe kwa adabu asimame kwanza akachemshe maji.

Mtaniuliza, pikipiki imefika wapi? Gurudumu la nyuma linazunguka kimya, hata sauti husikii. Injini inawaka kwa teke la pili. Madigadi nimeyapaka rangi nyekundu ile ile. Lakini mbele imewekewa kigoda, kwa sababu habu ya mbele bado sijaipata. Nilimuuliza mzee kama ule ufa unaweza kuchomelewa. Akasema kuchomelewa unaweza, wapo mafundi wa alumini, kazi itapendeza macho. Kisha akaongeza: "Lakini hapo ndipo beringi inapokaa, na ndipo breki inapofungwa. Mimi sitakuambia upande." Nikamwelewa. Naitafuta habu nyingine, kwa barua, kwa simu na kwa kuulizia kila anayesafiri.

Juzi mama alinipigia tena. "Pikipiki ya baba yako imewaka?"

"Imewaka, mama."

"Basi njoo nayo Pangani niione."

Nikamwambia bado kidogo. Hakuuliza kwa nini, nami sikumwambia. Majuto ni mjukuu, ndugu msikilizaji, na huyu wangu amekaa barazani juu ya kigoda, namwona kila asubuhi nikitoka kwenda kazini.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.